Mabega ya Babu Kaisari

Ukitaka koti la bendi ambalo bega lake limesimama vizuri, halilegei wala halimfanyi mvaaji aonekane amebeba mto, Tabora nzima watakuelekeza mahali pamoja: Gongoni, kwa Kuluthumu binti Majidi. Usitafute duka, maana hana. Ana baraza, ana cherehani ya kukanyaga kwa mguu, ana meza ya kukatia, na ana mdomo. Huo mdomo ndio utakaousikia kwanza, kabla bajaji haijasimama.

"Wewe unalinda duka la mabati," alimwambia siku moja mlinzi aliyetaka nyota nne kila bega. "Nyota nne za nini? Mwizi akija atakuhesabu au atakukimbia?"

Yule mlinzi akacheka, akapunguza mpaka mbili.

Ana miaka hamsini na tisa, mjane, watoto wake wawili wamejitegemea. Sindano aliishika akiwa na miaka saba. Ameshona makoti ya bendi za shule, majoho ya maharusi, kofia za mahujaji. Mapadri wa Kipalapala humletea mavazi yao ya ibada ayarudishie uzi wa dhahabu, ule tunaouita zari, na watu wakimshangaa mama wa Kiislamu kudarizi msalaba, huwajibu kwamba msalaba haujawahi kumuuliza dini yake, sasa wao wanauliza kama nani. Kazi yake utaitambua ukiigeuza upande wa ndani. Uzi wake hauishii kwa fundo la kawaida. Anauzungusha mara tatu, anaurudisha chini ya nyuzi mbili, anauvuta, na panabaki kidonge kidogo kigumu, saizi ya punje ya ulezi. Na ndivyo kinavyoitwa nyumbani kwao, ulezi. Alifundishwa na mama yake baba, naye alifundishwa na mkwewe. Nje ya nyumba ile, hakuna fundi Tabora anayemalizia hivyo. Wamejaribu, wameshindwa.

Sasa nikwambie kitu ambacho Kuluthumu hamwambii mteja.

Kwetu mtoto akirithi jina, anarithi na heshima yake. Ukimpa mwanao jina la babu yako, utamwita babu, na kumwamkia utamwamkia, hata kama anakojoa kitandani. Utasikia mtu mzima mwenye mvi anamwambia kitoto cha miaka miwili, "Shikamoo babu, njoo nikufute kamasi." Baba yake ni Mzee Majidi, na Kuluthumu alipewa jina la bibi yake Majidi, mzaa baba. Kwa hiyo Mzee Majidi alitakiwa amwite bibi. Hakumwita hata siku moja. Wakati mtoto anazaliwa yeye alikuwa safarini Kigoma na treni, mama mtu akampa jina, na Majidi aliporudi alinuna, maana alikuwa anangoja mwanamume wa kumpa jina la babu yake. "Bibi yangu alikuwa mtu wa kukaa mkekani na sindano," alisema. "Jina la kukaa tu." Basi ikawa Kuluthumu hivi, Kuluthumu vile, na akikasirika, "We!" Watoto wa majirani waliitwa bibi na baba zao, wakapakatwa, wakabembelezwa. Yeye aliangalia. Miaka hamsini na tisa si michache, jamani, na mpaka mwaka huu jambo hilo lilikuwa linamuuma.

Huyo babu aliyetakiwa arithiwe jina aliitwa Mahona, na ndiye mwenye mabega.

Mabega, hivyo ndivyo nyumba nzima ilivyoyaita, kana kwamba babu aliyavua mwilini akayaacha. Ni yale mapambo ya begani ya maofisa wa zamani: mawili, kila moja na uso wa duara uliodariziwa zari, nusu mwezi wa dhahabu ukiuzunguka, na ukingoni matamvua manene yanayoning'inia. Yalikaa ndani ya sanduku la mninga juu ya kabati la Mzee Majidi. Yalitoka mara mbili kwa mwaka, siku za Idi. Baada ya swala na kabla ya biriani, wanaume wa nyumba walijipanga sebuleni, Mzee Majidi akafungua sanduku na kupaza sauti, "Babu yenu alikuwa ofisa wa gadi ya Kaisari wa Ujerumani! Saluti!" Wakapiga saluti. Wanawake walipigia mlangoni, mikono ikinuka vitunguu. Kuyagusa walikatazwa.

Na Mzee Majidi aliyaamini yale mabega kwa mwili wake mzima. Kwa sababu ya mabega hayo aliingia reli akiwa kijana, akapigania mpaka akawa gadi wa treni, yule wa behewa la mwisho mwenye bendera ya kijani na filimbi. "Babu gadi, mjukuu gadi," alikuwa akisema, "hiyo ni damu." Koti lake la reli analo hadi leo, vifungo vyote vipo. Alitamani mwanawe Shaban naye avae gwanda. Shaban yuko Kariakoo anauza simu, na mabegani hana kitu zaidi ya mkanda wa begi.

Mwaka huu Mzee Majidi ametimiza themanini na sita. Macho yamefifia; hospitali ya Kitete wameyaangalia, akapewa dawa, anaona umbo la mtu lakini sura haioni. Akili iko palepale, na ukali haujapungua hata kidogo.

Ndipo akaja Mwalimu Tobias.

Mwalimu Tobias alifundisha historia miaka mingi, sasa amestaafu na amekataa kupumzika. Alikuwa anaandaa maonyesho ya vitu vya kale kwenye ukumbi mmoja mjini, Jumamosi ile, wiki moja mbele. Alikwishapata kengele ya wapagazi wa misafara, mizani ya kupimia pembe, sufuria la mwanajeshi wa Kibelgiji lililokuwa likinyweshea kuku maji huko Kwihara. Akasikia habari za mabega. Akaegesha baiskeli, akaingia.

"Shikamoo, Mzee Majidi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kiti. Kuluthumu! Chai!"

Sanduku likafunguliwa. Mwalimu alivaa miwani, akainama, akayatazama kwa karibu mpaka Mzee Majidi akaanza kukohoa kwa wasiwasi.

"Mzee wangu," alisema, "hizi ni epaleti. Hivi unajua zilianzaje? Mwanzo ilikuwa kamba tu. Kamba ya begani, ya kuzuia mkanda wa upanga usiteleze. Basi! Wafalme wa Ulaya ndio walioikuza. Kila mfalme alikuwa na gadi yake, askari warefu wa kusimama mlangoni kwake, na hakuna mfalme aliyekubali gadi ya jirani ing'ae kuliko yake. Huyu akitia uzi wa fedha, yule anatia wa dhahabu. Huyu akiongeza matamvua, yule anayanenepesha. Kwa Mjerumani ikafika mahali unamjua mtu cheo chake kwa mbali. Luteni na kapteni, hakuna matamvua. Meja na kanali, matamvua membamba. Jenerali, manene ya kujisokota."

"Na haya?" aliuliza Mzee Majidi, sauti imekuwa ndogo kama ya mtoto anayeulizia pipi.

"Manene, mzee."

Mzee Majidi aliegemea kiti, akafumba macho. Furaha ilimjaa.

Kuluthumu alikuwa amesimama na sinia la chai. Mdomo wake, kama kawaida, haukumsubiri. "Jenerali mweusi wa Mjerumani, mwalimu?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta. "Hapo ndipo pananitatiza. Askari wetu walikuwa na vyeo vyao, maombasha, mashaushi, akifika mbali sana efendi. Lakini vita ile ilikuwa na mambo mengi. Huenda ..."

"Kalete sukari," Mzee Majidi alimkatiza binti yake, na sukari ilikuwa mbele yake.

Wakakubaliana. Mabega yangewekwa mezani katikati ya ukumbi, yakiwa na kadi: *Epaleti za ofisa wa gadi ya Kaisari, mali ya ukoo wa Mahona.* Mzee Majidi angesema maneno mawili matatu. Ila kulikuwa na tatizo moja. Panya walikuwa wamelitafuna bega la kushoto, matamvua matatu yanaanguka na bitana imechanika. Mzee Majidi alilipapasa muda mrefu, akahema.

"Kuluthumu. Utalishona. Lakini usilichezee."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza anayashika.

Aliyafunua kesho yake asubuhi, barazani, kwenye mwanga, ameshanawa mikono kwa sabuni. Aligeuza la kushoto kuangalia bitana, na akakunja uso. Kaniki. Kaniki nyeusi ileile waliyovaa bibi zake shambani. Mjerumani na kaniki wapi na wapi? Akasema labda ilibadilishwa baadaye. Akaifumua kidogo kidogo, akaingiza kidole. Ndani kulikuwa na sufi, ile ya mti, ya kujazia mito. Akaendelea. Nusu mwezi wa dhahabu ukachomoka, akaupindua. Upande wa nyuma ulikuwa na rangi, na kwenye rangi kulikuwa na jicho moja la paka na sharubu zake. Kopo la biskuti, Mungu wangu! Kaisari mzima kumbe ni kopo la biskuti.

Alicheka. Mimi sikufichi, alicheka peke yake barazani mpaka mpita njia mmoja akamuuliza kulikoni. Kisha akatazama mahali uzi ulipoishia, na kicheko kikakatika. Alivaa miwani. Akavua, akafuta, akavaa tena. Kila uzi wa zari ulizungushwa mara tatu, ukarudishwa chini ya nyuzi mbili, ukavutwa. Vidonge vidogo, vimepangwa mstari, saizi moja.

Ulezi.

Kuluthumu aliliweka lile bega mapajani. Halikutoka Ujerumani. Halikutoka popote. Lilishonwa humu humu, na mtu aliyekuwa na mkono kama wake.

Alitia mabega ndani ya kanga akaenda nyumba ya tatu, kwa Bi Shamila, aliyezaliwa mtaa ule, ana miaka tisini na moja na hasahau kitu ila dawa zake.

"Bi mkubwa, shikamoo. Babu Mahona wa kwetu, ulipata kusikia habari zake?"

"Marahaba, mwanangu. Mahona si ndiye aliyekuwa Kaisari?"

"Gadi ya Kaisari."

"Gadi ya nani! Kaisari mwenyewe!" Bi Shamila alicheka, meno mawili yote yakaonekana. "Kaisari wa beni, wewe. Ngoma ya beni. Vita vya Mjerumani vilipokwisha, vijana wa mji huu walicheza kijeshi: tarumbeta, gwaride, vyeo. Kulikuwa na jenerali, kulikuwa na daktari, kulikuwa na kingi, na upande wa kwenu alikuwako Kaisari. Mchana wapishi na maseremala, jioni ya Ijumaa wafalme. Mahona alikuwa mpishi wa karani mmoja wa stesheni. Mama yangu alikuwa akinisimulia mpaka machozi yanamtoka: anasema wale wa upande wa pili walinunua mapambo kwa Mhindi, yakafifia kwa jua. Ya Mahona yakawaka. Mkewe alifumua joho la harusi, lote, uzi kwa uzi, akamdarizia mumewe mabega. Alijifunza kwa baba yake, aliyefuata misafara kutoka pwani akishona mahema. Fundi yule! Mji mzima ulimpigia vigelegele yeye, si Mahona."

"Mkewe aliitwa nani?" aliuliza Kuluthumu, ingawa alijua.

"Maswali gani hayo? Aliitwa wewe."

Njiani kurudi kila kitu kikajipanga. Babu alikufa kabla Majidi hajazaliwa. Bibi ndiye aliyemlea mpaka akafika miaka minane, na bila shaka alimwambia akiwa mapajani, "Babu yako alikuwa Kaisari." Mtoto alijua Kaisari mmoja tu, wa shuleni. Na babu yake hakuwa Mjerumani. Basi akaitafutia kauli ile mahali pa kukaa: babu alikuwa *mtu* wa Kaisari, gadi yake. Wakubwa wake walikwishaingia msikitini na kuona haya na ngoma, hawakumsahihisha. Neno moja dogo, beni, lilipotea, na mtu akaishi na kosa hilo miaka themanini.

Sasa afanyeje? Angeweza kurudisha sufi, kurudisha paka, kufunga kaniki, na asijue mtu. Siku tatu alilifikiria hilo. Kila asubuhi alimwamkia baba yake, "Shikamoo baba," "Marahaba," na kila asubuhi alimkuta anafanya mazoezi ya hotuba, koti la reli limening'inizwa dirishani lipate hewa. "Ndugu wananchi, babu yangu, ofisa ..." Ukimwondolea hilo mzee wa miaka themanini na sita, unambakishia nini? Hilo lilimtisha Kuluthumu kuliko kelele zake. Aliogopa atamuua.

Lakini akikaa kimya, yule mama angezikwa mara ya pili, safari hii kwa kadi ya Mwalimu Tobias. Na atakayemzika ni wajina wake. Hapo roho yake ilikataa kabisa.

Ijumaa baada ya swala ya mchana alimkuta baba yake ameketi sebuleni. Bega la kulia alikuwa hajaligusa. La kushoto alikwishalirudishia kila kitu, ila bitana aliiacha wazi. Alilitia mkononi mwa mzee.

"Baba, papasa hapa ndani. Taratibu. Unasikia nini?"

Mzee Majidi alipapasa. Kidole kikapita juu ya mstari wa vidonge, kikarudi, kikapita tena.

"Sasa shika upindo wa kanzu yako, kwa ndani," alisema Kuluthumu. Ile kanzu aliishona yeye.

Mzee alishika. Mkono mmoja kwenye bega, mmoja kwenye kanzu. Kuluthumu akamweleza yote: kaniki, sufi, paka, beni, joho la harusi. Aliongea haraka, maana alijua akisimama hataweza kuendelea.

Mzee Majidi akasema polepole, "Nani amekutuma?"

"Hakuna, baba."

"Nimekwambia ushone, nimekwambia usilichezee. Nimepigia saluti kopo la biskuti? Mimi? Wanangu?" Sauti ikapanda. "Toka. Hakuna maonyesho. Toka!"

Mzee alijifungia chumbani. Chakula cha jioni alikirudisha. Uji wa asubuhi aliurudisha. Kuluthumu aliamkia mlango, "Shikamoo baba," na mlango haukuitikia. Alilia jikoni, akajilaumu, akaulaumu mdomo wake na sindano yake. Akaketi barazani akafunga ile bitana, maana kazi iliyofumuliwa haiachwi hivyo, na kila uzi aliumalizia kwa ulezi wake pembeni ya ulezi wa yule mwingine. Hata yeye baadaye hakuweza kutofautisha.

Saa nne mlango ulifunguka. Mzee Majidi alitoka amevaa koti la reli juu ya kanzu, vifungo vyote vimefungwa. Hakumwangalia mtu.

"Mabega yako wapi?"

"Haya hapa, baba."

"Ita bajaji."

Njiani Kuluthumu alidhani anajua kwa nini baba yake anakwenda: kusema hotuba yake ileile na kumkanusha mbele za watu. Alikuwa tayari. Baba ni baba.

Ukumbi ulijaa. Wanafunzi, masista, wafanyabiashara wa soko kuu, Bi Shamila ameletwa na wajukuu na kuwekwa mbele. Mwalimu Tobias, ambaye hakujua lolote, aliyapanga mabega kwenye kitambaa chekundu, akasimamisha kadi, akamkaribisha mzee. Mzee Majidi alisimama na fimbo yake.

"Mwalimu, nisomee hiyo kadi."

Mwalimu alisoma. Epaleti za ofisa wa gadi ya Kaisari.

"Ichane."

"Mzee?"

"Ichane, mwalimu, nimesema mimi. Babu yangu hakuwa gadi wa mtu. Alikuwa mpishi. Ijumaa alikuwa anacheza beni." Ukumbi ulicheka, si kwa ubaya, na Mzee Majidi akangoja wamalize kama gadi anayengoja abiria wapande. "Chekeni. Mimi jana sikucheka. Usiku kucha nilikuwa nakumbuka kitu. Nilipokuwa mdogo, bibi yangu alinishonea kanzu. Nilikuwa siwezi kulala mpaka nishike upindo wake, kwa ndani. Kulikuwa na vidonge. Nilikuwa navihesabu kwa kidole mpaka usingizi unanichukua. Alipokufa nilivitafuta kwenye nguo zangu nyingine, za dukani, sikuvipata, nikasahau. Nikakua, nikasema alikuwa mtu wa kukaa tu." Alishika upindo wa kanzu yake chini ya koti. "Miaka hamsini navaa nguo zenye vidonge vile. Sikuwahi kuvipapasa."

Aligeuka, akatafuta kwa macho yake mabovu. "Yuko wapi?"

Watu wakamsukuma Kuluthumu mbele. Alisimama, kanga imemteleza begani.

Mzee Majidi alimpa Mwalimu fimbo yake amshikie. Aliunyosha mkono wa kulia ubavuni, akasimama wima kadiri mgongo ulivyokubali. Kila mmoja alijua saluti inakuja. Haikuja. Aliinamisha kichwa, kama mtoto anavyoinamisha.

"Shikamoo, bibi."

Mtu kuitikia marahaba kwa baba yake mzazi, mbele za watu! Ulimi wa Kuluthumu ulikataa kabisa. Machozi yalimshuka, akayaacha yashuke. Bi Shamila akamchoma na kiwiko.

"Itikia, wewe. Mtoto anangoja."

Kuluthumu alimsogelea. Aliinua mkono, akalishika bega la koti la reli la baba yake, akaliweka sawa, kama anavyofanya kwa kila mteja.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema. "Umekula?"

"Sijala tangu jana, bibi," alisema Mzee Majidi. "Nina njaa."